Kadi ya Salamu kwa Mtu Anayekata Roho

Maneno haya niliyasema Minneapolis, katika kikao chetu cha Waswahili cha kusikiliza muziki. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila nimeruka pale nilipopoteza karatasi.

Shikamooni wazee. Wengine, hamjambo.

Mwenyekiti amenipa dakika 20, na kwa jinsi ninavyomjua zitakuwa 20 kweli. Mwezi uliopita ndugu yetu alituletea rumba, tukacheza mpaka viti vikaishia ukutani. Leo poleni. Nimewaletea mzee wa Kizungu mwenye sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, na mambo anayoimba mengi ni ya kufa na kuuana. Mama mmoja hapo mbele ameniuliza mlangoni kama kutakuwa na ya kucheza. Mama, leo kuna chai na mahamri.

Albamu yenyewe inaitwa Rough and Rowdy Ways. Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, aliitoa tarehe 19 Juni 2020, akiwa na miaka 79. Ina nyimbo 10, saa moja na dakika kama kumi. Miaka 8 ilikuwa imepita tangu atoe albamu ya nyimbo alizotunga mwenyewe. Katikati hapo alikuwa akiimba nyimbo za kale za watu wengine, tena akapewa Nobel ya Fasihi mwaka 2016, jambo ambalo kuna waandishi hawajalimeza mpaka leo.

Sikuja kuwaambia ni albamu nzuri. Nimekuja kuwaambia niliisikia wapi, kwa sababu nadhani pale ndipo mahali pake.

Nikisema waliowahi kufanya kazi ya kutunza wazee wanyooshe mikono, humu ndani watakaobaki wamekaa ni watoto. Basi mnaijua ile Machi ya 2020, Korona ilipoingia. Katikati ya mwezi wageni wakapigwa marufuku. Watoto wa wazee wetu wakawa wanakuja kusimama nje dirishani, kwenye theluji inayoyeyuka, simu sikioni, mkono mwingine kwenye kioo. Sisi ndani tumevaa barakoa ile ile ya jana. Katika jimbo hili, wengi mno wa waliokufa miezi ile ya mwanzo walikuwa wakaazi wa nyumba za wazee kama ile niliyokuwa nikifanyia zamu ya usiku.

Mwisho wa ukumbi, upande wa bustani, alilala mzee mmoja wa miaka 76. Nilikuwa namwita Mzee, akaniuliza maana yake, akaipenda, akaanza kuniita mimi hivyo hivyo. Ila ulimi wake uliingiza vokali pasipo vokali. Ikawa kila nikiingia: "Mazee!" Naona vijana wa Nairobi mnacheka. Nami nilicheka, na kumweleza kwa nini nacheka kulituchukua nusu saa.

Huyo ndiye aliyenisikilizisha. Usiku wa kuamkia Machi 27, Dylan aliachia wimbo mmoja bila kuupigia debe, na ujumbe mfupi wa kuwatakia watu usalama. Wimbo una takriban dakika 17. Unaitwa Murder Most Foul, maneno aliyoyachota kwa Shakespeare, katika tamthilia ya Hamlet, yule mzimu wa mfalme anapomwambia mwanawe alivyouawa. Kwa lugha yetu ningesema ni mauaji ya kinyama. Hauna kiitikio. Kuna piano, kuna besi inayopigwa kwa uta, kuna fidla, na ngoma zinazogusa tu. Yeye haimbi hasa, anaghani.

Mzee aliniomba nimshikie tableti ya nyumba. Kwa ajili ya maambukizi tulikuwa tunaitia ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga, ule wa kuwekea vyakula kwenye friji, na sauti ilitoka kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Nikasimama nimeishika, nikidhani ni wimbo wa dakika tatu. Dakika ya kumi mkono ukafa ganzi nikakaa kwenye kiti. Kukaa kwenye kiti cha mgonjwa kulikuwa kumekatazwa.

Nusu ya kwanza ni habari ya msiba. Dallas, Novemba 22, 1963, Rais Kennedy anapigwa risasi ndani ya gari la wazi, anakimbizwa hospitali ya Parkland. Mara msimuliaji ni mtu aliyesimama kando ya barabara, mara ni mmoja wa wauaji akimsemesha yule anayekwenda kufa, mara ni Kennedy mwenyewe, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Anabadilisha mdomo bila kubisha hodi. Ukilegea kidogo hujui nani anasema.

Halafu nusu ya pili inageuka. Anamwita mtangazaji wa redio wa usiku, Wolfman Jack, ambaye Wamarekani wa rika lile walilala na sauti yake, akaanza kumwomba nyimbo. Weka ya fulani. Weka na ya fulani. Nina Simone, Etta James, John Lee Hooker, Thelonious Monk, Nat King Cole, nyimbo za kanisani, za vilabuni, za sinema. Anaomba mpaka nyimbo ambazo hazikuwapo 1963. Nilijaribu kuhesabu nikaacha.

Wachambuzi wa hapa waliandika mengi juu ya orodha ile. Wengine walisema ni makumbusho ya muziki wa Marekani, wengine wakasema mzee ameishiwa. Mimi niliyekulia Mombasa sikuhitaji mchambuzi. Nilijua papo hapo ninachokisikia.

Ninyi mliokulia nyumbani nisaidieni: mnazikumbuka kadi za salamu? Unanunua kadi dukani. Unaandika jina lako, lakabu yako, na mtaa. Unapanga majina ya unaowasalimu, popote pale walipo. Kisha wimbo unaouomba, na chini kabisa ujumbe. Unaitia posta, na kuanzia siku hiyo hutoki mbali na redio. Mtangazaji anasoma majina mpaka pumzi inamwishia, anauweka wimbo, anaukata kati kati kwa sababu kadi ni nyingi. Na redio ile ile, jioni, ndiyo iliyosoma matangazo ya vifo. Fulani bin fulani, mume wa, baba wa, mazishi ni lini. Nyanya yangu alikuwa akizima stovu, maana mngurumo wake ulimeza majina. Wali ungeweza kusubiri.

Basi Dylan ameziunganisha hizo mbili. Tangazo la kifo kwanza, kisha kadi ya salamu. Kennedy amelala pale, hakuna daktari wa kumrudisha, na jambo pekee mtu anaweza kumfanyia ni kumwombea wimbo. Akishaombewa mmoja, anaombewa mwingine. Kila wimbo unaoongezwa unaahirisha kusema kwamba ameshakufa. Na wimbo wa mwisho kuombwa kwenye orodha ile, mnajua ni upi? Ni huo huo Murder Most Foul. Anaomba uwekwe wimbo unaokwisha sasa hivi.

Mzee wangu alikuwa na miaka 19 siku ile ya Dallas. Alikuwa akipakua mbao kaskazini huko, karibu na migodi ya chuma. Dereva wa lori aliacha mlango wazi ili wote wasikie redio. Hakuna aliyethubutu kuizima, hakuna aliyepakua ubao mwingine, na jioni lori halikuwaka, betri imekwisha. Hilo ndilo alilolikumbuka. Hakukumbuka maneno ya mtangazaji hata moja. Alikumbuka wanaume sita wakisukuma lori gizani huku wanalia.

Sasa nirudi kwa huyu mtunzi, kwa sababu wengi wetu tunaishi kwao bila kujua. Alizaliwa Duluth, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa, Mei 24, 1941. Akakulia Hibbing, mji wa migodi. Mwaka 1959 akaja chuo kikuu hapa Minneapolis, darasani akaonekana kidogo, kwenye vibanda vya kahawa vya Dinkytown akaonekana sana, na mwanzoni mwa 1961 akakimbilia New York. Ule mchoro mkubwa wa nyuso tatu pale Hennepin Avenue ni yeye. Miaka miwili basi langu lilipita chini yake nikidhani ni tangazo la biashara.

Na Duluth yenyewe ina msiba wake wa zamani. Juni 15, 1920, vijana watatu Weusi waliokuwa vibarua wa sarakasi iliyopita mjini, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, walisingiziwa ubakaji. Maelfu ya watu walivunja kituo cha polisi, wakawatoa, wakawanyonga kwenye nguzo ya taa katikati ya mji. Halafu wakapiga picha nao, na picha zile zikauzwa kama kadi za posta. Nimewasimulia kadi za salamu, basi na kadi za namna hiyo zilikuwapo. Baba yake Dylan alikuwa mtoto wa miaka 8 mjini humo mwaka huo. Mwaka 1965 mwanawe alifungua wimbo wake wa Desolation Row kwa kadi za posta za watu walionyongwa, na wengi wanaosoma kazi yake wanasema ndizo hizo.

Sasa pangeni tarehe pamoja nami. Mei 24, 2020, Dylan anatimiza miaka 79. Mei 25, kwenye kona ya barabara ya 38 na Chicago, hapa hapa kwetu, polisi anamwekea George Floyd, mtu Mweusi, goti shingoni kwa zaidi ya dakika 9, mpaka anakufa. Usiku wa Mei 28 kituo cha polisi cha Third Precinct kinateketea. Juni 15, Duluth inatimiza miaka 100 ya ile nguzo ya taa. Juni 19, albamu inatoka.

Nyimbo zilikuwa zimerekodiwa kabla ya hayo yote. Hakuna hata mstari mmoja wa Floyd. Na hapa ndipo ndugu yetu mmoja, tulipokuwa tukipanga kikao hiki, aliniuliza kwa ukali: sasa ana maana gani kwetu? Watu walikuwa barabarani wanavuta moshi wa mabomu ya machozi, yeye anamlilia rais aliyekufa miaka 56 nyuma, tena tajiri, tena Mzungu?

Swali ni zuri na sitaki kulikwepa. Alipokuwa na miaka 22, Dylan asingelilia mbali hivyo. Medgar Evers, mtetezi wa haki za Weusi, aliuawa nyumbani kwake Mississippi Juni 12, 1963, na Agosti 28 mwaka huo huo Dylan alisimama Washington, kwenye maandamano yale ya Martin Luther King, akaimba juu ya mauaji yake. Haikupita hata miezi mitatu. Na alisema jambo zito: kwamba aliyefyatua risasi alikuwa kete tu, Mzungu fukara aliyechezwa na wakubwa. Huo ni wimbo wa kijana. Unauliza nani alimtuma. Miaka mingi nilipenda wimbo wa namna hiyo tu, na bado naona kwamba alipoacha kuutunga, alituacha tukiuhitaji.

Juni 2020 gazeti la New York Times lilimhoji, na akasema kumwona George akiteswa mpaka kufa kulimtia kichefuchefu, na kwamba anatumaini haki itakuja haraka. Walipomuuliza kama anafikiria kifo chake, akajibu anafikiria kifo cha wanadamu wote. Jibu la mtu anayekwepa, nilisema moyoni. Nikarudi kusikiliza, nikaona pengine hakukwepa.

Kwa sababu angalieni albamu ilivyojengwa. Wimbo wa Key West, ule wenye kodiani, mpole mno, unaohusu kisiwa cha kupumzikia uzeeni, unaanza kwa Rais McKinley akipiga kelele za maumivu. McKinley alipigwa risasi Buffalo mwaka 1901. Mwanzo huo ameuazima kwenye wimbo wa kale wa mtu wa banjo, Charlie Poole, uliorekodiwa 1926. Kisha anakaa kisiwani akitafuta stesheni kwenye redio, kana kwamba hakuna kilichotokea. Baada ya hapo ndipo anakuja Kennedy, na kwenye toleo la CD amepewa diski yake peke yake, kama mtu aliyetengwa chumba. Katikati ya orodha ya nyimbo za Kennedy anataja Tulsa, akaiita mahali pa uhalifu. Ni jina la wimbo wa dansi, lakini anayejua Weusi wa Tulsa walivyouawa na kuchomewa mtaa wao mwaka 1921 atanyamaza hapo. Ndivyo anavyofanya albamu nzima. Anaweka wimbo wa kuchezea juu ya maiti, ukiinua wimbo unaona miguu.

Wazee wa Lamu na Pate watamwelewa upesi. Aliyetunga Al-Inkishafi alisimama kwenye magofu ya majumba ya Pate akaiuliza nafsi yake wako wapi waliokaa humu, na katika kuihofisha nafsi ikutane na kifo akatuachia habari ya mji mzima ulivyoanguka. Msiba wa mtu mmoja na msiba wa mji havikutengana kwake.

Si kila wimbo nimeupenda. Wa kujitengenezea mtu kwa viungo vya makaburini naona umerefuka kwa utundu. False Prophet gitaa lake ni la rekodi ya zamani ya Billy "The Kid" Emerson, wala hakujisumbua kuficha, nami sisumbuki sana kuusikiliza. Black Rider ndio ulionikalia kooni. Mtu anazungumza na mpanda farasi mweusi aliyempitia, anamsihi, anamtukana, anamsifu, anambembeleza. Kila aliyefanya zamu ya usiku amemsikia mgonjwa akiongea hivyo saa tisa za usiku na mtu asiyeonekana chumbani. Hatuandiki kwenye ripoti. Tunaandika "hakulala vizuri".

Nimalizie na Mzee.

Ijumaa ile ya Mei 29 ikawekwa kafyu, saa mbili usiku. Nilikuja kazini mapema na barua ya mwajiri mfukoni ikiwa polisi watanisimamisha, barua nimeikunja mara nne ili isiloe jasho. Nyumba haikuwa mbali na Lake Street, barabara iliyokuwa ikiungua siku zile. Madirisha tulikuwa tumeyafunga na bado harufu ya mpira unaoungua iliingia. Mzee aliniuliza ni nini kinaungua. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akasema, "Weka ule mrefu." Nikaweka. Tulipofika kwenye maombi ya nyimbo nikamwambia habari ya kadi zetu za salamu, lakabu, majina, ujumbe, na nyanya na stovu. Akasema nimwandikie yake.

Nikageuza karatasi ya menyu ya chakula cha jioni, viazi vya kuponda na kuku, nikaandika nyuma yake. Lakabu: Mazee. Anamsalimu binti yake aliye dirishani, ingawa saa ile hakuwapo, kafyu. Anamsalimu mkewe, marehemu. Anawasalimu wanaume sita waliosukuma lori, popote pale walipo. Ananisalimu mimi. Anamsalimu "yule kijana wa barabara ya 38", kwa maneno hayo. Nyimbo anazoziomba ni sita. Kuna wa Patsy Cline. Kuna wa John Prine, ambaye Korona ilikuwa imemchukua Aprili 7 mwaka huo. Kuna wimbo wa kanisani mwao wa Kilutheri, na wa Dylan mmoja wa zamani, na wa Johnny Cash. Wa sita ni polka waliyokuwa wakiicheza yeye na mkewe kwenye ukumbi wa wachimba migodi, Jumamosi usiku. Nilipomuuliza ujumbe, akasema ujumbe ni hizo nyimbo.

Kuanzia hapo nikawa namwekea mmoja kila zamu, kabla sijaenda kugeuza wagonjwa wengine. Wa kanisani binti yake aliusikia kupitia simu, kipaza sauti kwenye plastiki, akauimba akiwa nje kwenye maua, na mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta tunyamaze. Tulifika wa tano. Alifariki Juni 17, siku mbili kabla albamu haijatoka, kwa hiyo kati ya nyimbo zote 10 alizisikia tatu zilizokuwa zimetangulia. Zamu hiyo haikuwa yangu. Nilikuta kitanda kimetandikwa na tableti imerudishwa ofisini kuchajiwa, bado imo ndani ya mfuko wake.

Karatasi ya menyu ninayo, hii hapa. Wale wa nyuma mtaiona baadaye.

Mwenyekiti, saa yako inasema nimebakiza dakika tatu. Polka yenyewe ina dakika mbili na nusu. Mama uliyeniuliza pale mlangoni, samahani nilikudanganya. Vijana, sukumeni viti.